"Dokta, mpigeni mama umeme akumbuke"

Wiki iliyopita nimelisikia tena ombi hili, mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Binti kamleta mama yake kutoka Uru, mlimani Kilimanjaro, wameshuka stendi na Hiace, wakamalizia na bodaboda mpaka kliniki hapa Moshi. Sijamaliza hata kumwamkia bibi, binti keshaninyooshea simu yenye video. "Dokta, Marekani wanawawekea watu umeme kwenye ubongo, kumbukumbu zinarudi. Nanyi mpigeni mama umeme, amesahau mpaka majina ya wajukuu."

Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Naliandika.

Dhana: umeme unarudisha kumbukumbu zilizopotea

Utafiti anaousema binti upo, na ni kazi nzuri. Kinachoniudhi ni kwamba umetufikia ukiwa umekatwa kichwa na miguu. Waliouongoza ni Youssef Ezzyat na Michael Kahana wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na ulichapishwa mwaka 2018. Washiriki walikuwa 25, wote wagonjwa wa kifafa kisichosikia dawa. Madaktari wao walikuwa wameshawapandikizia elektrodi, yaani ncha ndogo za nyaya za umeme, ndani ya fuvu ili kujua degedege linaanzia sehemu gani ya ubongo. Wakiwa wamelazwa wakisubiri, wakakubali kufanya zoezi la kumbukumbu. Hakuna aliyepasuliwa kichwa kwa sababu alisahau funguo.

Zoezi lenyewe ni hili: maneno yanapita kwenye skrini moja baada ya jingine, mgonjwa anafanyishwa hesabu ndogo ili asiyarudierudie kichwani, kisha anataja anayoyakumbuka. Kompyuta ilijifunza kwanza, kwa kila mgonjwa peke yake, ubongo wake unavyokuwa pale neno linaposhika na unavyokuwa pale linapoteleza. Baada ya hapo, kila ilipoona ubongo unaelekea kuteleza, ilituma mkondo mdogo sana wa umeme kwenye gamba la ubongo la ubavuni, upande wa kushoto. Uwezekano wa kukumbuka neno ukapanda kwa asilimia 15.

Hiyo 15 isikuchanganye. Ni kama mtu ambaye angekumbuka maneno 20, sasa anakumbuka 23. Kwa mwanasayansi hilo ni jambo kubwa, na mimi nililifurahia. Lakini angalia kilichosaidiwa: ni kulishika neno lililoonyeshwa dakika chache zilizopita. Hakuna jina la mjukuu lililofukuliwa. Kumbukumbu iliyokwenda kwa sababu seli zilizoibeba zimekufa, umeme hauna pa kuikuta.

Na kuna nusu nyingine ambayo haikuingia kwenye hiyo video. Mwaka 2016 Joshua Jacobs na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 49 waliochochewa kwa umeme kwenye hipokampasi na gamba linalopakana nayo, yaani kwenye kitovu chenyewe cha kumbukumbu. Kumbukumbu ikawa mbaya zaidi. Miaka minne kabla yao, Nanthia Suthana na Itzhak Fried wa Los Angeles, wakiwa na wagonjwa wachache tu, walichochea eneo hilo linalopakana na hipokampasi, na wagonjwa wakajifunza njia vizuri zaidi katika mchezo wa kuendesha teksi kwenye kompyuta. Eneo linakaribiana, majibu yamepishana.

Mtu wa mlimani hili ataliona upesi kwa mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia. Zamu yako ikifika unafungua maji na migomba inakunywa. Ukifungua wakati miche ndiyo kwanza imepandwa, au ukayaelekeza maji kwenye tuta lisilo lake, yanaondoka na udongo. Kwa hiyo ukisikia umeme umesaidia kumbukumbu, uliza kwanza: umewekwa wapi, na saa ngapi?

Kwa ugonjwa wa Alzheimer wenyewe, unaoua seli za ubongo taratibu na kupoteza kumbukumbu, madaktari wa Canada na Marekani walishajaribu kupandikiza elektrodi zinazochochea forniksi, njia kuu ya nyuzi itokayo hipokampasi. Wagonjwa 42. Baada ya mwaka mmoja, kwa ujumla wao, waliowashiwa umeme hawakuwa na nafuu kuliko ambao elektrodi zao zilikaa zimezimwa. Haya ni matokeo ya kundi lililopasuliwa na mabingwa. Sasa mtu anakuuzia mkanda wa kuvaa kichwani wenye betri, anakwambia utamrudishia baba yako akili! Nimeushika mmoja wapo. Vipande viwili vya sponji, waya, kitufe. Mkondo wa namna hiyo sehemu yake kubwa huishia kwenye ngozi na fuvu. Familia iliyonieleza habari zake kwa uchungu ilikuwa imeuza mbuzi wawili ili kuununua.

Yule bibi wa Uru nilimpa maneno matatu: jembe, kanisa, ndizi. Baada ya dakika tano hakukumbuka hata kwamba nilimpa maneno. Binti akainamisha kichwa. Nikachukua kitenge kilichokuwa begani kwa binti, nikamkabidhi bibi: "Bibi, tunakwenda kuchota maji." Akakikunja kwa urefu, akakisokota, akakizungusha kwenye kiganja, ncha akaichomeka ndani. Ngata safi, imara, katika muda wa kupumua mara tatu nne. Akaiweka kichwani na kunitazama, kama anayeuliza ndoo iko wapi.

Kwamba mikono inaweza kukumbuka alichosahau mwenyewe, Henry Molaison wa Marekani alitufundisha. Mwaka 1953 aliondolewa hipokampasi pande zote mbili ili kutibu kifafa, na tangu hapo hadi anafariki mwaka 2008 karibu kila jambo jipya lilimpotea. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo. Kila siku mkono ulichora vizuri zaidi, na kila siku mwenyewe alisema hajawahi kuifanya kazi ile. Kumbukumbu ziko za aina nyingi na hazikai chumba kimoja. Binti akauliza taratibu, "Kwa hiyo nimpe kazi za mikono?" Ndiyo. Achambue maharage, asuke, akunje nguo. Hilo litampa siku yenye utulivu, na halina bei.

Dhana: kumbukumbu ni video iliyohifadhiwa

Chanzo kimojawapo ni Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Montreal, aliyegusa ubongo wa wagonjwa kwa umeme wakiwa macho, wengine wakasikia nyimbo za zamani. Katika wagonjwa 520 aliowachochea ubavuni mwa ubongo, waliopata hali hiyo ni 40, na mengi waliyoyaona yalifanana na ndoto. Kukumbuka ni kujenga upya kila mara, ndiyo maana ndugu wawili husimulia msiba mmoja kwa namna mbili bila yeyote kudanganya.

Dhana: tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo

Si kweli. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Muulize aliyepata kiharusi kidogo tu kama kuna sehemu ya akiba.

Dhana: "ni utu uzima tu"

Hii ndiyo inayowachelewesha watu. Hapa jirani, wilayani Hai, wazee wa miaka 70 na zaidi wa vijiji sita walipimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013: wenye dimenshia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu na akili, walikuwa asilimia 6.4. Wengi wanazeeka na akili zao. Anayesahau mpaka anapotea njia ya kwake ana sababu, na nyingine zinatibika: tezi ya shingo iliyolegea, sonona, upungufu wa vitamini B12 (mwenye kisukari aliyekunywa metformini miaka mingi apimwe), damu iliyovuja taratibu ndani ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka.

Nami kabla ya kipimo chochote naomba mfuko wa dawa. Dawa zote, na zile za dukani. Bibi wa Uru alikuwa anakunywa Piriton kila usiku, ilianza kwa mafua ikabaki kuwa ya usingizi, na juu yake amitriptilini ya miguu kuwaka moto. Zote mbili huzuia asetilikolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kushika mambo mapya, na kwa mzee zikikutana zinamvuruga. Piriton tumeiacha, hiyo nyingine tunaipunguza kidogo kidogo. Usimkatishe mzee wako dawa ghafla bila kumwona daktari. Amechukuliwa damu ya B12 na tezi. Anarudi baada ya wiki nne, na nimemwambia binti aje na mfuko uleule.