Mizani si mapigo, jamani

Juzi harusini mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alinivuta kando, kikombe cha kahawa mkononi. "Maalim, wewe Mungu kakupa. Mchana unafundisha ganuni, kile kinanda cha nyuzi cha taarab, usiku unatunga mashairi. Si kazi ile ile moja?" Nikacheka. Mwaka huu nimeshacheka hivyo mara nyingi mno, taya zinauma.

Wasemao hivyo wana pa kushika. Shairi letu halikuzaliwa lisomwe kimya. Watakutajia Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar: alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakuimba mashairi? Aliimba. Hapo sibishi.

Kinachoniudhi ni kile kinachofuata, na nimekisikia hata kwa watu wenye shahada: mshororo una mizani 16, yaani silabi 16, nane kwa nane, nane inagawika kwa nne, kwa hiyo muziki umo ndani tayari, kazi ni kuumimina tu. Hebu tazama. "Kwetu pwani kuna mambo." Mizani nane. "Karafuu yanukia." Nane pia. Mwalimu wa arudhi, kanuni za ushairi, ataziwekea vyema zote mbili aende zake. Lakini Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) ule wa kwanza unakanyaga mara nne, kwe, pwa, ku, ma, na wa pili unakanyaga mara mbili tu, fu na ki. Chukua tuni iliyoshonewa ule wa kwanza umvike wa pili: dum, pigo zito la ngoma ya dumbak, inaangukia "ka", mwimbaji anatoa KArafuu, na bibi aliyekaa mbele anageuka kuuliza hicho ni Kiswahili cha wapi.

Halafu kuna "m". Mbuni ni mizani ngapi? Ukikusudia ndege, mbili. Ukikusudia mti wa kahawa, tatu, maana "m" yake inasimama peke yake. Kwenye karatasi huwezi kuwatenganisha. Kwenye muziki, "m" hiyo inadai sauti yake na mdomo umefungwa. Mwimbaji mwenye haraka anaimeza, na shairi lililotoka kwangu limetimia linafika ukumbini guni, yaani lenye kasoro ya mizani. Lawama kwa nani? Kwa mtunzi. Tuzo je? Kwa mwimbaji, noti zinamwagika miguuni pake. Ya pesa naishia hapo: ada za wanafunzi ndizo zinazolipa umeme.

Kazi hizi mbili haziwi moja kwa kuwa zinatumia sikio moja. Hapo ndipo zinapogombana. Ganuni ina nyuzi tatu kwa kila sauti, na unyevu wa hapa Unguja hauna adabu. Kabla ya somo la kwanza nimeshakaza na kulegeza nusu saa. Wanafunzi sita wakishapita na bayati zao za kuyumba (bayati ni mojawapo ya maqam, mikondo ya sauti ya muziki wa Kiarabu), sikio limejaa. Nikikaa usiku kutunga, kila utao, nusu ya pili ya mshororo, unakuja umeshavaa mdundo wa zoezi la mchana. Niliwahi kuandika beti tatu, nikajipongeza, asubuhi nikagundua zote zinaingia pwaa kwenye zoezi la rast, maqam nyingine, la mtoto wa miaka kumi na moja. Siku hizi natunga alfajiri, kabla sijagusa uzi. Usiku nimeuacha.

Sasa nikiri. Wakati mmoja niliacha kufundisha kwa miezi minne ili niwe mshairi kamili. Mashairi yalitoka mengi, vina safi, mizani haina pengo, na hayakuwa na pumzi. Sijui kwa nini. Labda wale wanafunzi wanaoniumiza sikio ndio wanaolinoa. Labda nilikuwa mvivu tu miezi ile. Na jingine: nahesabu mizani kwa vidole kama kila mtu, lakini nikivitazama, vidole havihesabu. Vinapiga dumbak. Kwa hiyo mzee wa kahawa huenda ana haki kidogo, na hilo simwambii.

Hasa kwa sababu hakuwa amemaliza. Alitaka utenzi wa harusi ya mwanawe wa pili, Alhamisi, bure. "Beti kumi tu, Maalim, nane nane."

Nimempa. Ubeti wa sita una neno mbuni. Akilisoma ndege, mizani saba.