Sushi ya kaunta ya viti kumi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Huko ni kula samaki mbichi tu." Dhana hii ndiyo inayowafanya wengi wasitake hata kuingia. Ukweli ni kwamba kwenye mgahawa mdogo wa sushi ya kitamaduni (tonge la wali lenye samaki juu) jijini Tokyo, ule wa kaunta moja na viti kumi hivi, samaki wengi wameshashughulikiwa kabla hujakaa. Mkunga wa baharini huchemshwa polepole kwa mchuzi wa soya na sukari mpaka alainike. Kamba na pweza hupikwa. Kibua hufukiwa kwenye chumvi, kisha hutiwa siki. Hata jodari wakati mwingine hulowekwa kwenye soya. Mtindo huu ulianza mwanzoni mwa karne ya 19, Tokyo ikiitwa Edo, na majokofu hayakuwapo. Sushi yenyewe iliuzwa vibandani, chakula cha mtu mwenye haraka. Bei za kutisha zimekuja baadaye.

"Samaki bora ni aliyevuliwa leo." Mtu wa pwani hawezi kubisha hili, lakini jodari mkubwa akiliwa siku hiyohiyo huwa mgumu na ladha haijakolea. Wapishi humlaza kwenye baridi siku kadhaa.

"Wasabi (ile rojo kali ya kijani) na siki vinaua minyoo." Haviui. Mnyoo wa anisakis hufa kwa moto, au kwa kugandishwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 au zaidi. Kwa hofu ya minyoo, samoni mbichi hakuwamo kwenye sushi ya asili. Wanorwe ndio waliomnadi samoni wao wa kufugwa huko Japani miaka ya 1980.

"Lazima ujue vijiti." Kula kwa mkono, ruksa kabisa. Kosa ni kuchovya wali: unanyonya soya, tonge linamong'onyoka. Lipindue, uguse soya kwa upande wa samaki. Na kama mpishi ameshapaka soya kwa brashi, usichovye popote. Tangawizi ni ya kusafisha kinywa kati ya tonge na tonge, si ya kuweka juu.

"Samaki ni halali, sina la kuuliza." Kwa Mwislamu hili ndilo la kuangalia zaidi, na halizungumzwi vya kutosha. Ile soya ya kupaka mara nyingi huchemshwa pamoja na sake (pombe ya mchele) na mirini (pombe tamu ya kupikia), vyote vina kilevi, na mchuzi wa mkunga ni vilevile. Uliza unapoweka nafasi, si ukiwa umeshakaa: mpishi wa viti kumi hununua na kuandaa kwa hesabu ya wageni wake, na hana jiko la pili la kukutengenezea kingine.

Bakshishi je? Usiache. Ukiacha hela kaunta, kuna uwezekano mhudumu akukimbilie hadi barabarani kukurudishia, akidhani umesahau.