Tairi kuingia kwenye rimu hakutoshi

Ukipita kwenye vibanda vya matairi hapa Mwanza utaambiwa: tairi likiingia kwenye rimu, limefaa. Si kweli, na naomba tuliache hilo.

Chukua 195/65R15 91H, saizi iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. 15 ni inchi za rimu. 91 ni namba ya mzigo, maana yake kilo 615 kwa tairi moja. H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa. Sasa mtu anafunga 205/70R15 ili gari liinuke, lipite mawe ya mlimani. Linaingia vizuri kabisa. Ila tairi zima limezidi kimo lile la kwanza kwa asilimia 5 hivi: mshale wa spidi ukisoma 80, wewe uko 84, na ukikata kona kali huenda likasugua madigadi.

Saizi sahihi kwa kawaida imebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Usinakili tairi lililopo, huenda aliyekuuzia gari alishakosea.

Kwa mtumba, tazama pia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni tairi la wiki ya 23, mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) nene hazifuti umri; mpira huchakaa hata ukiwa stoo.