Risasi za rivolva za kizamani: je, zinatosha kujilinda?

Dhana: Risasi ya .45 Colt humrusha mtu nyuma, ya .38 humkuna tu.

Hakuna risasi ya bastola inayomrusha mtu. Piga hesabu: kichwa (kile kipande kinachoruka) cha .45 Colt, kaliba, yaani saizi ya risasi, ya mwaka 1873, kina uzito wa gramu 16 hivi na huruka kama mita 260 kwa sekunde. Msukumo huo wote ukimwingia mtu wa kilo 70, atasogea kwa mwendo wa sentimita 6 kwa sekunde. Kwenye foleni ya basi unasukumwa zaidi ya hapo. Kinachomwangusha mshambuliaji ni mahali risasi ilipoingia na kina ilichofika.

Dhana: .38 Special ilishindwa vitani Ufilipino.

Umemsingizia mdogo kosa la kaka yake. Iliyolalamikiwa kule na wanajeshi wa Marekani ni .38 Long Colt, iliyotangulia. Special, ya mwaka 1898, ina baruti zaidi, na polisi wa Marekani waliibeba kwa miongo mingi. Kasoro yake ilikuwa kichwa cha duara, kinachoteleza mwilini na kuacha tundu jembamba. Kichwa bapa, kile cha walenga shabaha, hutoboa kama mashine ya kutobolea karatasi: huenda polepole, lakini huzama. Baada ya mapambano yao ya risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walianza kutaka risasi izame walau sentimita 30 kwenye jeli ya majaribio inayoiga mwili. Na ukiwa na bastola yenye mtutu wa sentimita 5, vichwa vingi vya kupanuka hukosa kasi au huziba kwa nguo, visipanuke. Kichwa bapa hakihitaji kupanuka.

Dhana: Basi nunua Magnum, risasi yenye nguvu kuliko .38.

Kwenye bastola nyepesi, teke lake hukupotezea shabaha ya pili. Wengi hufyatua vizuri zaidi na .38.

Dhana: Kaliba ya zamani inafaa, basi hata lile boksi la babu linafaa.

Hapana! Kaliba ya kizamani ni jambo moja, risasi kuukuu ni jingine. Ganda likiwa na kutu ya kijani, au kichwa kikizunguka ukikisokota kwa vidole, liweke kando. Baruti ikiwa imeharibika, kichwa huweza kukwama mtutuni. Utasikia "pu" badala ya mlio. Ukifyatua tena, mtutu unaweza kupasuka mkononi.

Kinyume chake pia ni hatari: risasi mpya za .45 Colt zenye nguvu nyingi haziingizwi kwenye rivolva iliyoundwa enzi za baruti nyeusi.