Kiharusi sio upepo mbaya, na wala hakiletwi na maji ya kuoga

Mjomba wangu alianza hivi, asubuhi anakunywa chai, chai ikawa inamtoka upande mmoja wa mdomo inachuruzika mpaka kwenye shati, na kandambili ya mguu wa kushoto imemvuka hata hana habari. Tukimsemesha anajibu maneno hayaeleweki kama mlevi, na mjomba pombe hajawahi kuonja. Wakubwa wakasema kapigwa na upepo, akaitwa shehe amzungue, akapakwa mafuta, hospitali tukafika magharibi. Mpaka leo mkono ule haushiki kikombe.

Jamani upepo haumo kabisa. Ni mshipa wa damu kwenye ubongo umeziba au umepasuka, na sehemu isiyopata damu inakufa, karibu seli milioni 2 kila dakika. Dua someni, lakini mkiwa ndani ya gari. Kama mshipa umeziba ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ila ni ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na sio kila hospitali inayo, kwahiyo pigeni simu mjue wapi kuna siti skani, mashine ya kupiga picha ya ubongo, mwende hapohapo.

Halafu ile meseji ya watsapu eti ukianza kujimwagia maji kichwani ndo unapata kiharusi. Sio kweli, wengi wanaodondoka bafuni wakakutwa na kiharusi, kiharusi ndo kimewaangusha, sio bafu. Kumtoboa vidole na sindano nako hakusaidii chochote. Aspirini msimpe kabla hajapigwa picha maana kama mshipa umepasuka damu itazidi kuvuja, na uji au maji pia acheni, anaweza kupaliwa.

"Mbona imeisha yenyewe baada ya dakika kumi, kapona." Hapana! Hicho ni kiharusi kidogo kinachotangulia kile kikubwa, na siku mbili zinazofuata ndo za hatari zaidi, mpelekeni siku hiyohiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni hili la presha, watu wanasema ningekuwa nayo ningeisikia. Presha haisemi, unaweza kutembea na 180 miaka na kichwa hakiumi, kapime, ikiwa inarudia 140 kwa 90 au zaidi umuone daktari, na ukipewa dawa usiache kisa unajisikia vizuri, presha imetulia kwa sababu unazimeza. Mjomba alikuwa kaziacha. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo hesabu na ya kwenye mkate na mchuzi. Sigara acha, sukari idhibiti, tembea.

Na sio ugonjwa wa wazee tu, vijana wanapata, hata watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Ukiwa na wasiwasi mwambie mtu atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja, kimoja tu kikienda kombo ondokeni, na muandike saa mliyomuona mzima mara ya mwisho, daktari ataiuliza hiyo kwanza na sisi siku ile tulibaki kutazamana.