Kisima cha Pongwe na gari lililokunywa maji

Konda alinipigia saa tisa na robo alasiri. Gari limechemsha tena, liko kando ya barabara likitokea Pongwe, nje ya mji wa Tanga, abiria wote wameshashuka. Neno lililonikaa kichwani ni lile "tena". Ilikuwa mara ya tatu kwa gari lilelile, na kila mara mafundi walikuwa wamebadilisha rejeta, wakaiacha injini ikinguruma gereji nusu saa, sindano ya joto ikatulia, wakalirudisha kwenye ruti.

Mimi ni mhandisi wa utegemevu wa magari ya abiria hapa Tanga, Coaster kwa wingi. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni jina la kupamba la fundi. Fundi analitengeneza gari lililokufa, na mafundi wetu wanaijua kazi yao kuliko ninavyoijua mimi. Swali langu mimi ni jingine: kwa nini gari hili, kwa nini leo, na kwa nini mwenzake wa umri uleule bado anapiga ruti?

Nikafungua daftari. Daftari ndicho kifaa changu cha kwanza, kabla ya spana na kabla ya kompyuta. Kila gari lina kurasa zake: tarehe, saa, lilikuwa wapi, lilikuwa na abiria wangapi, dereva aliona nini kwanza. Kuchemsha kote kulitokea alasiri, kote likirudi mjini, kote likiwa limejaa. Gereji gari huwa tupu, limesimama, chini ya mwembe. Kipimo chetu kilikuwa kinapima gari jingine kabisa.

Kesho yake nikapanda gari hilo nikakaa nyuma ya dereva, mzee aliyeanza kuendesha kabla sijazaliwa. Tulipofika mwisho wa njia akashuka na dumu, akateka maji kwenye kisima cha jirani, akaongeza kwenye rejeta taratibu kama mtu anayemnywesha mgonjwa.

"Mzee, lanywa maji tangu lini?"

"Tangu kabla ya Idi, mwanangu. Kidogo tu. Dumu moja kwa siku."

"Mbona hukusema?"

"Nikisema mwalilaza gereji. Na hesabu ya siku hiyo nani atanilipia?"

Hesabu ni fedha ambazo dereva humpelekea mwenye gari kila siku, na jibu hilo lilikuwa na nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya dumu. Pongwe imekaa juu ya mawe ya chokaa. Ndiyo maana kiwanda cha saruji kipo pale, na ni mawe ya jamii hiyohiyo yaliyochimbwa na maji mpaka yakawa mapango ya Amboni. Maji yanayopita kwenye mawe hayo hubeba chokaa iliyoyeyuka. Mama yeyote anayechemshia chai maji ya kisima cha namna hiyo anaujua ule utando mweupe mgumu unaoshika chini ya birika. Chumvi ya mezani huyeyuka vizuri zaidi maji yakiwa moto. Chokaa hii ni kinyume chake: maji yakipata moto, yenyewe hujitenga na kugandia pale penye joto kali. Ndani ya gari, penye joto kali si kwenye rejeta. Ni kwenye njia za maji zinazozunguka silinda.

Kwa hiyo rejeta mpya zilikuwa zinafungwa kwenye injini yenye birika chafu tumboni. Utando ule hupitisha joto kwa shida sana ukilinganisha na chuma au alumini, na vipande vyake vikibanduka husafiri na maji mpaka kwenye vijia vyembamba vya rejeta mpya na kuviziba. Asubuhi, gari tupu, mfumo uliozibwa nusu unatosha. Alasiri, jua likiwa kali na watu wamesimama mpaka mlangoni, hautoshi tena.

Na maji yalikuwa yanakwenda wapi? Klipu moja ya mpira wa juu wa rejeta ilikuwa imelika kwa kutu. Haikuwa ikidondosha gari likipoa, ndiyo maana hakuna aliyeiona gereji. Ilikuwa inatoa mvuke injini ikipata moto tu. Kipande cha chuma cha bei ya chai na chapati kilitupotezea rejeta mbili, na kidogo tu kituunguzie gasketi ya silinda hedi.

Klipu ikaliwa, maji yakapungua, dereva akaongeza ya kisima, chokaa ikaganda, injini ikachemsha, abiria wakashushwa njiani. Ukikata mnyororo huu popote, gari halichemshi. Sisi tulikuwa tunakata pale pa ghali zaidi, na tulikuwa tunakata baada ya abiria kushushwa.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayefanya kazi hii angefaa kuujua. Mwaka 1978 wahandisi wawili wa shirika la ndege la United Airlines la Marekani, Nowlan na Heap, walitoa ripoti waliyoiandika kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Walichunguza vipuri vya ndege viliharibika lini katika maisha yake. Imani ya zamani ilikuwa kwamba kila kipuri kina umri wake wa kuchoka, basi kibadilishe kabla hakijaufikia. Walikuta kwamba vilivyofuata mwendo huo wa kuzeeka vilikuwa asilimia 11 tu. Asilimia 68 viliharibika zaidi mwanzoni, muda mfupi baada ya kufungwa, kisha vikatulia. Magari yetu si ndege, na siwezi kuchukua namba zile nikazibandika kwenye Coaster. Lakini swali lao nalichukua zima: ninapobadilisha kitu kizuri kwa sababu tarehe imefika, namwondolea abiria hatari au namwongezea? Kila mara mpira wa rejeta unapovuliwa na kurudishwa, kuna klipu inayoweza kukazwa vibaya.

Hiyo haina maana kuacha matengenezo. Laini za breki huisha kwa kusuguana, matairi huisha, mafuta ya injini huchakaa, na hivyo tunavibadilisha kwa kipimo bila mjadala. Kwenye breki sina subira na mtu. Ila viungio vya umeme, kwa mfano, havina umri maalumu wa kuchoka. Mji huu uko baharini, hewa ina chumvi, na magari yanayolala upande wa Raskazone hunipa kutu kwenye viungio vya nyaya na waya wa ethi kuliko yanayolala Kange. Dawa yake ni kufungua, kutazama, kusugua na kupaka grisi, si kununua oltaneta mpya, ile mashine inayochaji betri.

Sasa niseme kwa nini gari moja linaninyima usingizi. Abiria hahesabu magari mabovu, anahesabu dakika alizosimama juani. Chukua ruti yenye mzunguko wa saa moja na magari 4 yanayoachana dakika 15. Mtu anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri, kwa wastani, dakika 7 na nusu. Gari moja likilala, nafasi zinakuwa dakika 15, 15 na 30. Tumepoteza robo ya magari, lakini wastani wa kusubiri unapanda mpaka dakika 11 na robo, yaani umeongezeka kwa nusu nzima ya ule wa mwanzo, kwa sababu nusu ya abiria wataangukia ndani ya lile pengo la dakika 30. Hao ndio wanaoita bajaji, na asiye na nauli ya bajaji anachelewa kliniki.

Lakini magari 3 yaliyobaki yakipangwa upya yaachane dakika 20, kusubiri kunarudi kwenye wastani wa dakika 10, na halijaguswa hata boliti moja. Zamani gari likifa njiani tulikuwa tunakimbilia kamba ya kuvutia. Siku hizi simu ya kwanza ni kwa msimamizi wa zamu, ayaachanishe yaliyobaki. Kamba inafuata.

Kwa gari la Pongwe tulisafisha njia za maji za injini kwa dawa, tukaweka kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyochanganywa tayari, tukabadilisha klipu zote na kifuniko cha rejeta, maana kifuniko kikilegea mfumo hupoteza mgandamizo na maji hutokota mapema. Tukarudisha na themostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto, ambayo mtu aliwahi kuing'oa akidhani anasaidia. Kila gari likapewa dumu la maji ya mvua yaliyochujwa, kwa dharura tu, na anayelitumia lazima aandike.

Sehemu ngumu ilikuwa hesabu. Ilinichukua vikao vitatu na wenye magari kukubaliana kwamba dereva anayeleta hitilafu ndogo kabla haijawa kubwa hadaiwi hesabu ya saa ambazo gari liko gereji. Mmoja aliniambia madereva watajifanya wagonjwa kila Ijumaa. Nilimwonyesha risiti za rejeta mbili, nikaweka na klipu ile yenye kutu juu ya meza.

Jumatatu iliyopita, kabla ya adhana ya alfajiri, nilimkuta yule mzee ananisubiri getini na tochi ya simu. Alikuwa ameandika mwenyewe kwenye daftari, kwa herufi kubwa: BERINGI YA GURUDUMU LA NYUMA KUSHOTO, YALIA NIKIKATA KONA. Tukaliinua gari kwa jeki, nikalizungusha gurudumu kwa mkono, nikaisikia. Tukaibadilisha, na saa mbili kasoro gari lilikuwa njiani.