Je, Wajua Maganda ya Kamba Yanaweza Kunasa Risasi Majini?

Risasi, yaani ile metali nzito iliyomo kwenye betri za magari, ikiyeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Ukiyachemsha maji hayo unazidisha ubaya: mvuke hupaa, risasi ikabaki sufuriani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.01 kwa lita ya maji ya kunywa, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi huharibu ubongo ungali unakua. Sisi wa Pwani tunalijua jambo hili kwa uchungu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi mwilini, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Hapa Malindi hatuna kiwanda kama hicho, lakini tuna gereji, betri chakavu, na rangi yenye shaba inayopakwa chini ya boti ili viumbe vya bahari visigande.

Kwa nini basi kuchuja hakutoshi? Tope lina chembe. Ukitia shabu linatuama, ukichuja linabaki kitambaani. Risasi iliyoyeyuka imekuwa ayoni, yaani atomu yenye chaji ya umeme, na hata pamoja na maji yanayoizunguka haifiki upana wa nanomita 1. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tando nyingi za kusafishia maji zina vitundu vikubwa kuliko hapo, hivyo ayoni hupenya tu. Tando za kuondolea chumvi ya bahari huizuia, ila maji lazima yasukumwe kwa pampu zenye nguvu kubwa, na umeme huo ni ghali.

Ndipo wataalamu wakaja na njia nyingine: vitundu viachwe vipana, lakini kuta zake zinase. Aliyewahi kutega ndege kwa ulimbo ataelewa upesi. Ndege hazuiwi na wavu, hunata mguu anapotua.

Ulimbo mmojawapo unatupwa kila siku bandarini kwetu. Ganda la kamba au kaa lina kitini, yaani nyuzinyuzi zinazolijenga. Huoshwa kwa tindikali hafifu kutoa chokaa, kisha hupikwa kwenye magadi makali (kostiki soda), likawa kitosani. Kitosani huyeyuka hata katika siki, ikamwagwa juu ya kioo na kukauka kuwa utando mwembamba. Ndani yake mna naitrojeni yenye elektroni za ziada, nazo ndizo zinazoshika ayoni za shaba na risasi. Kwa shaba unaona kwa macho: utando uliokuwa na umanjano hafifu hugeuka buluu. Mimi naona hilo ni jambo la kustaajabisha, kwa kitu tulichokuwa tukiwaachia kunguru.

Shida zipo. Kwenye maji yenye tindikali kali, haidrojeni huwahi nafasi zile kabla ya metali, na kitosani isiyofungwa kwa kemikali nyingine huyeyuka. Tope na mafuta huziba vitundu, kwa hiyo maji ya gereji yachujwe kwanza. Nafasi zikijaa, metali huanza kupita tena, na utando uliofungwa hivyo huoshwa kwa tindikali hafifu ili utumike upya. Maji ya kuoshea hutoka machache lakini yamejaa sumu. Shaba iliyomo huweza kutolewa kwa umeme ikauzwa; risasi lazima ihifadhiwe mbali na visima.